Kumi Kabla ya Mbili: Namba Zinazohifadhiwa kama Maandishi katika Kanzidata

Ukiandika majina ya namba kuanzia moja hadi kumi, kisha ukayapanga kama kamusi inavyopanga maneno, utapata mfuatano huu: kumi, mbili, moja, nane, nne, saba, sita, tano, tatu, tisa. Hakuna atakayelalamika kwamba kumi imeitangulia mbili, maana kila mtu anaona kuwa hapa yamepangwa maneno, haikupangwa hesabu. Karani wa chama cha kuweka na kukopa hana utulivu huo. Anafungua orodha ya wanachama katika Microsoft Access, anabofya kitufe cha kupanga kuanzia ndogo kwenda kubwa, na kwenye kioo zinatokea 1, 10, 100, 101, 11, 12, 2, 20, 21, 3. La kwanza kumjia ni kwamba kompyuta ina virusi. Haina. Imefanya kile ambacho kamusi hufanya.

Namba iliyohifadhiwa kama maandishi ni mfuatano wa tarakimu ambao kanzidata inautunza alama kwa alama, sawasawa na inavyotunza jina "Asha" au "Kigoma", bila kuujua kuwa ni kiasi. Kanzidata ya mezani ni programu ya kutunza majedwali katika kompyuta moja, au katika ofisi ndogo yenye kompyuta chache zilizounganishwa: Access iliyotoka mwaka 1992, FileMaker iliyoitangulia mwaka 1985, Base ya LibreOffice, na kabla ya hizo dBASE, ambayo mafaili yake bado hukutwa hapa na pale kwenye kompyuta kuukuu. Kwa kawaida mwenye jedwali hutakiwa aseme tangu mwanzo kila safu, au kolamu kama wengi wanavyoiita, itabeba data ya aina gani: maandishi, namba, tarehe, ndiyo au hapana. Tamko hilo ndilo linaloamua safu itapangwaje. Sura ya kilichoandikwa ndani yake haina kauli.

Jinsi mashine inavyolinganisha

Kompyuta haijui herufi. Kila alama inayochapwa hupewa namba ya msimbo, na msimbo mashuhuri kuliko yote ni ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963 na baadaye kurithiwa na Unicode. Humo tarakimu 0 hadi 9 zina misimbo 48 hadi 57, herufi kubwa zinaanzia 65, ndogo zinaanzia 97, na ile nafasi tupu inayoachwa kati ya maneno ni 32. Maandishi mawili yanapolinganishwa, mashine huanzia kushoto, alama ya kwanza kwa alama ya kwanza. Zikilingana inasogea kwenye ya pili. Zikitofautiana hukumu imetoka, na zilizobaki hazitazamwi kabisa. Kati ya "10" na "9", zinazokutana kwanza ni 1 na 9. Moja ni ndogo. Kesi imekwisha, na sifuri iliyokuwa nyuma haikupata nafasi ya kutoa ushahidi. Maandishi mamoja yakiisha mapema na yote yaliyotangulia yamelingana, yaliyo mafupi hukaa mbele: ndiyo maana "1" hutangulia "10", na "10" hutangulia "100".

Namba halisi hukaa kwa namna nyingine. Access ikiambiwa kwamba safu ni ya namba kamili za kawaida, huweka thamani yenyewe katika baiti nne, na kulinganisha 9 na 10 huwa ni kulinganisha thamani na thamani. Tarakimu tunazoziona hutengenezwa wakati wa kuonyesha tu. Kwa sababu hiyo safu ya namba haiwezi kukumbuka kwamba uliandika 007. Kwake 007 na 7 ni kitu kimoja. Jambo hili litarudi tena chini, na litauma.

Kwa kweli programu za leo haziifuati ASCII neno kwa neno. Zina kanuni za kupanga kwa mujibu wa lugha, zinazoweka A na a pamoja na kuvipa vistari uzito mdogo. Kwa tarakimu tupu matokeo hubaki yaleyale. Lakini tusidhani mpangilio wa alama ulishuka kutoka mbinguni: katika EBCDIC, msimbo wa kompyuta kubwa za IBM, tarakimu huja baada ya herufi, hivyo "A1" hutangulia "1A", kinyume na tulivyozoea.

Namba zenye desimali na namba hasi hupatwa na maradhi hayohayo. "10.25" hukaa mbele ya "9.75", na "-1" hukaa mbele ya "-10" ingawa kwenye mizani ya hesabu hasi kumi ndiyo ndogo. Tarehe nazo. Zikiandikwa kama maandishi kwa mtindo wetu wa siku, mwezi, mwaka, tarehe 05/11/2023 hutangulia 12/03/1998, kwa kuwa tano hutangulia kumi na mbili na mwaka haujafikiwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988, huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kila kimoja kwa idadi maalumu ya tarakimu, na tarehe zilizoandikwa hivyo hujipanga vizuri hata zikiwa maandishi matupu. Nafasi tupu nayo ni mdudu mbaya kwa sababu haionekani: " 9" yenye nafasi mbele yake itakaa juu ya "1", na mtu anaweza kuikodolea macho asubuhi nzima asijue kwa nini.

Zinavyoingia

Mara nyingi hakuna aliyeamua kwamba namba iwe maandishi. Katika Access, safu mpya ambayo mtengenezaji hakuigusa aina yake hubaki maandishi mafupi, yenye nafasi ya alama zisizozidi 255. Mtu akiwa na haraka huandika jina la safu, "Namba", akapita. Jina la safu halimwambii Access lolote.

Njia ya pili ni kuingiza data kutoka Excel. Programu hutazama mistari michache ya mwanzo na kubashiri aina ya safu. Kama katika mistari hiyo mtu mmoja ameandika "12A" au "hana", safu nzima inaweza kutangazwa kuwa maandishi. Excel yenyewe ina alama yake ya tahadhari, ile pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya kisanduku, inayosema kuwa namba hii imewekwa kama maandishi. Wengi tumeizoea hadi hatuioni tena.

Kisha kuna mazoea yetu ya kuandika fedha. Karani aliyefundishwa kuandika risiti huandika 5,000/= na hawezi kuandika vinginevyo. Safu ya namba itaukataa ule mkwaju na ile alama ya sawasawa. Safu ya maandishi itazipokea bila neno, na karani atajiona amefaulu. Amepata jedwali la fedha lisilojumlishika.

Madhara yasiyoonekana kwenye kioo

Orodha iliyovurugika inaonekana, na kinachoonekana hurekebishwa. Yanayonitia wasiwasi zaidi ni yale yanayotokea kimyakimya, kwa kuwa kanuni ileile ya kulinganisha hutumika pia kuchuja, kutafuta kubwa na kuunganisha majedwali.

Chukua kuchuja. Ukiiomba safu ya maandishi ikupe wanachama kati ya "10" na "20", utapewa 10, 15 na 20, lakini pia 100, 1000, 150 na 2. Wote wako kati ya "10" na "20" kwa mujibu wa kamusi. Mhasibu anayechapisha barua za wadaiwa wa kundi hilo atamwandikia mwanachama wa 150 barua isiyo yake, na hakuna ujumbe wa hitilafu utakaomzuia.

Kutafuta namba kubwa ni hatari zaidi. Katika mifumo mingi midogo, namba ya mwanachama mpya hupatikana kwa kutafuta namba kubwa iliyopo, kwa fomula ya DMax, kisha kuongeza moja. Kama chama kilianza kuandikisha kwa namba 101 na safu ni ya maandishi, mfumo utafanya kazi bila kasoro kwa mwaka mmoja, miwili, hata mitano. Siku itafika namba 999. Mfumo utaongeza moja na kumpa mtu 1000. Anayefuata akija, DMax itatazama tena safu na kusema kubwa ni "999", maana tisa inaizidi moja na habari imeishia hapo. Naye atapewa 1000. Kama safu ni ufunguo wa jedwali, Access itakataa na kusema kuna marudio, na ofisi itasimama. Kama si ufunguo, wanachama wawili watakuwa na namba moja, kisha watatu, kisha kumi, na akiba zao zitachanganyika kabla ya mtu kushtuka. Aliyetengeneza mfumo huo aliujaribu kwa watu watano akaona unafanya kazi. Laiti angeanza na namba 1, kosa lingejitokeza kwa mtu wa kumi na moja, na lingerekebishwa siku hiyohiyo.

Kuunganisha majedwali kuna nafuu yake. Jedwali la wanachama lenye namba ya aina ya namba likiunganishwa na jedwali la mikopo lenye namba ya aina ya maandishi, Access hukataa waziwazi na kusema aina hazilingani. Katika mambo haya programu inayokataa kwa sauti ni rafiki.

Kupanga bila kugusa data

Dawa ya kwanza haibadilishi chochote kilichohifadhiwa. Unatengeneza ulizo, yaani maagizo yanayosomwa na kanzidata ili itoe orodha kwa namna unayotaka, na ndani yake unaongeza safu ya kukokotoa ambayo husoma maandishi na kuyageuza kuwa thamani. Unapanga kwa safu hiyo, kisha unaondoa tiki ya kuionyesha, ili msomaji wa orodha aone namba zilezile za awali zikiwa zimekaa sawa.

Katika Access kifaa cha kawaida ni fomula ya Val. Husoma maandishi kutoka kushoto, huruka nafasi tupu, na husimama inapokutana na alama isiyoelewa kuwa sehemu ya namba. Val ya "24" ni 24, ya "24B" ni 24, ya "500/=" ni 500. Upole huo ndio sifa yake na ndio udhaifu wake. Val ya "1,500" ni 1, kwa sababu mkato umeisimamisha. Fedha zetu zote zenye mkato zitageuka kuwa moja, mbili na tano bila onyo. Val ya maandishi yanayoanza na herufi ni 0. Na kuna mtego unaowapata hata wazoefu: herufi E au D ikifuatwa na tarakimu husomwa kama kipeo cha kumi, hivyo nyumba namba "3E5" huwa 300,000 na hukaa mwisho wa mtaa. Mitaa mingi ina nyumba namba 3E. Anayeandika kizuizi na mlango pamoja ajihadhari.

Safu isiyo na kitu huivunja Val. Pale ambapo namba haikujazwa kabisa, Access huona utupu, ambao si sifuri wala si maandishi yasiyo na alama, na Val hukataa kuusoma. Andiko la kawaida la kujikinga ni hili:

IIf([Namba] Is Null, 0, Val([Namba]))

Maana yake: kama Namba ni tupu toa sifuri, vinginevyo toa thamani yake. Wasio na namba hujikusanya juu ya orodha, mahali ambapo wanaonekana, na hilo lenyewe ni faida.

Kuna fomula nyingine kali zaidi, kama CLng ya namba kamili ndefu na CDbl ya zenye desimali. Hizi hazisimami katikati. Ama zinasoma maandishi yote ama zinatoa hitilafu. CDbl pia hufuata mipangilio ya nchi iliyowekwa kwenye Windows. Kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Kiingereza, kama nyingi za Nairobi na Dar es Salaam, CDbl ya "1,500" ni elfu moja na mia tano. Kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Kifaransa, kama unavyoweza kuikuta Bukavu au Lubumbashi, mkato ni alama ya desimali, na andiko lilelile ni moja na nusu. Faili moja, majibu mawili, tofauti mara elfu. Val haijali nchi: kwake desimali ni nukta popote, kwa hiyo "2,5" ya Lubumbashi itakuwa 2. Shirika lenye ofisi pande zote mbili za Ziwa Tanganyika lina sababu nzuri ya kutotunza fedha kama maandishi.

CLng nayo ina ukomo wa 2,147,483,647. CInt, ambayo wengi huichukua kwa jina lake fupi, inaishia 32,767. Mwanachama wa 32,768 ataiangusha.

Neno moja kuhusu ripoti. Mtu anaweza kupanga ulizo vizuri, akachapisha ripoti, akakuta mvurugo uleule. Ripoti ya Access ina sehemu yake ya kupanga na kukusanya makundi, na hiyo ndiyo inayotawala. Fomula iwekwe huko pia.

Namba zenye herufi

Daftari la viwanja haliheshimu namba tupu. Kiwanja 12 hugawanywa kikawa 12A na 12B. Kiwanja 9 kinabaki 9. Hapa hupangwa kwa hatua mbili: kwanza kwa Val ya andiko, kisha kwa andiko lenyewe. Katika lugha ya SQL huandikwa ORDER BY Val([Kiwanja]), [Kiwanja], na matokeo ni 9, 12, 12A, 12B. Katika dirisha la kubuni ulizo, safu iliyo kushoto zaidi hupangwa kwanza, kwa hiyo safu ya Val ikae kushoto.

Namba zenye mkwaju ni ngumu zaidi. Viwanja vingi vya Nairobi huandikwa kwa namba inayoanza na 209, mkwaju, kisha namba ya kiwanja. Val itasoma 209 kwa vyote na kunyamaza. Lazima andiko likatwe kwenye mkwaju kwa fomula za InStr na Mid, kila kipande kigeuzwe kuwa thamani yake. Inawezekana, na nimeona fomula za namna hiyo zenye urefu wa mistari minne ambazo hata aliyeziandika hakuweza kuzisoma mwezi uliofuata. Afadhali vipande viwili vitunzwe katika safu mbili tangu mwanzo na kuunganishwa wakati wa kuonyesha tu. Kuunganisha ni kazi ya alama moja. Kutenganisha ni kazi ya alasiri.

Programu nyingine zina njia zao. Katika Base ya LibreOffice hutumika agizo la CAST. Katika FileMaker kuna GetAsNumber, ambayo tofauti na Val haisimami kwenye alama ngeni bali huiruka: "1,500/=" huwa 1500 kama ilivyotakiwa, lakini "12A3" huwa 123, jambo ambalo hakuna aliyelitaka. SQLite, iliyoanza mwaka 2000 na inayokaa ndani ya simu nyingi tulizonazo mifukoni, huruhusu safu moja kuwa na namba na maandishi kwa pamoja. Ikipanga kwa kupanda, huanza na tupu, zikafuata namba zote, kisha maandishi yote. Humo "5" ya maandishi inaweza kukaa chini ya 900 ya namba. Windows nayo, tangu XP ya mwaka 2001, hupanga majina ya mafaili kwa kutazama tarakimu zilizo ndani yake kama thamani, hata "Picha 2" ikaitangulia "Picha 10". Ni starehe hiyo inayowafanya watu wategemee kuwa Access itafanya vivyo hivyo.

Sifuri za mbele

Kabla ya kompyuta kulikuwa na kadi za matundu. Herman Hollerith alizitumia kuhesabu sensa ya Marekani ya mwaka 1890, na kampuni iliyokuja kuitwa IBM ilizipa umbo la safu 80 mwaka 1928. Mashine ya kupangia kadi ilisoma safu moja tu kwa kila mzunguko: karani alianza na safu ya mamoja, akakusanya kadi kutoka kwenye visanduku, akazirudisha kwa safu ya makumi, kisha mamia. Ili kazi hiyo iwezekane, mamoja ya kila kadi yalipaswa kuwa safu ileile. Saba katika safu nne iliandikwa 0007. Sifuri za mbele, ambazo mwalimu wa hesabu huzifuta kwa kalamu nyekundu, zilikuwa ndizo zinazoshikilia mpangilio wote.

Ufundi huo haujapitwa. Maandishi yote yakiwa na urefu sawa, kulinganisha alama kwa alama na kulinganisha thamani hutoa jibu moja. "0009" hutangulia "0010" kwa kamusi na kwa hesabu. Mfano ulio karibu ni namba ya mtahiniwa wa Baraza la Mitihani la Tanzania, yenye sura kama S0101/0023: herufi inayoonyesha aina ya kituo, tarakimu nne za kituo, mkwaju, tarakimu nne za mtahiniwa. Ipange kama maandishi katika programu yoyote, na vituo vitakaa kwa zamu na watahiniwa ndani ya vituo vyao, bila fomula hata moja. Namba za magari za Kenya nazo huandikwa kwa tarakimu tatu daima, 001 badala ya 1.

Katika Access unaweza kuzijaza sifuri hizo kwa Format(Val([Namba]), "00000") au kwa Right("00000" & [Namba], 5). Ya pili ina kasoro: namba ikizidi tarakimu tano, itakatwa kushoto bila taarifa, na 123456 itakuwa 23456. dBASE ilikuwa na hila yake: fomula ya STR ilijaza nafasi tupu mahali pa sifuri, na kwa kuwa nafasi tupu ina msimbo mdogo kuliko tarakimu zote, mpangilio ulikuwa sahihi vilevile.

Ugumu ni kukadiria upana. Anayechagua tarakimu tatu akidhani chama hakitafika watu elfu moja atajuta, na kuongeza sifuri baadaye maana yake ni kubadili namba zilizokwisha kuchapwa kwenye vitambulisho.

Kiasi na jina

Hapa ndipo mahali pa kuamua, na binafsi sioni kama kuna mashaka. Namba unayoweza kuijumlisha, kuitoa au kuitafutia wastani ni kiasi, na iwe namba: akiba, riba, umri, uzito wa gunia. Namba inayotaja kitu au mtu ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na iwe maandishi. Hakuna anayejumlisha namba za simu.

Namba ya Kitambulisho cha Taifa cha Tanzania ina tarakimu 20. Ukiiweka kwenye safu ya namba ya Excel, au kwenye safu ya Access ya aina ya Double, programu hushika tarakimu 15 tu kwa uhakika. Zilizobaki huharibika, na katika Excel hugeuka sifuri tano mwishoni. Mwenye kitambulisho amepotea, na hakuna fomula ya kumrudisha. Ikiwa maandishi, haipotezi kitu, na kwa kuwa tarakimu zake nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kuipanga kwa kamusi ni kuwapanga watu kwa umri. Namba ya simu nayo ikiwekwa kama namba hupoteza sifuri yake ya mbele, na ikianza na 255 au 254 huzidi ukomo wa namba kamili ndefu.

Namba ya mwanachama iko mpakani. Ni jina, lakini hutolewa kwa kuhesabu, na watu huitaka ipangwe kama hesabu. Ikiwa ni tarakimu tupu zisizo na herufi wala sifuri za maana, iwe namba. Sifuri za kuonyesha zinaweza kuwekwa kwenye sura ya kuonyesha tu, kwa kuandika 00000 katika sehemu ya muundo wa safu. Hapo 7 hutunzwa kama 7, huonekana 00007, na DMax haitadanganywa na 999. Safu ya namba pia hupangwa kwa faharasa yake, ilhali kupanga kwa Val hulazimisha programu ikokotoe kila rekodi upya kila mara. Kwa wanachama mia tano hutaona tofauti. Kwa laki tatu, na faili liko kwenye kompyuta ya chumba cha pili, utaiona.

Kubadili aina ya safu iliyokwisha kujaa hufanywa katika mwonekano wa kubuni jedwali, kwa kuchagua namba badala ya maandishi mafupi. Access hujaribu kugeuza kila kilichomo. Kisichogeuzika hufutwa. Kabla ya kufuta hutoa ujumbe unaotaja idadi ya rekodi zitakazopoteza data na kuuliza kama uendelee, na watu wengi hubonyeza ndiyo kwa mazoea. Kwa hiyo nakili faili lote kwanza, uliweke mahali pengine. Kisha andaa ulizo lenye sharti la Not IsNumeric([Namba]), likupe kila andiko ambalo Access haitaweza kulisoma: "12A", "hana", "7/=", herufi O iliyochapwa mahali pa sifuri. Orodha hiyo ikitoka tupu, badili. Isipotoka tupu, yaliyomo humo ni kazi ya mtu aliyeshika daftari la karatasi mkononi, wala kompyuta haiwezi kumsaidia.